Somo la 6: Ufa wa Ukuta ni Mulango wa Homa

Someni kwanza: Walawi 14:33–48

Ndugu musomaji, labda unasoma somo hili ukiwa juu ya kitanda cha hospitali, ao unangoja zamu yako barazani pamoja na mutoto mugongoni. Umesikia mahubiri ya asubuhi, umepewa dawa, na sasa unafikiri siku ya kurudi nyumbani. Somo hili ni juu ya ile nyumba unayoirudia. Maana dawa inaweza kukuponyesha hapa, na ukuta wako ukakurudisha hapa tena mbele ya mwezi kuisha.

Wengi wanaposoma kitabu cha Walawi wanapita haraka sura ya 14. Wanasema, Haya ni mambo ya ukoma na ya makuhani, hayatuhusu. Lakini soma polepole kutoka mustari wa 33. Mutu anaona alama mbaya katika kuta za nyumba yake, anakwenda kumuambia kuhani. Kuhani hakimbilii kuingia. Anaamuru kwanza vyombo vyote vitolewe nje. Kisha anaingia, anatazama kuta, anaifunga nyumba siku saba, anarudi kutazama tena. Kama ubaya umeenea, mawe yale yanatolewa, udongo wa ndani unakwanguliwa pande zote na kutupwa nje ya muji mahali pachafu. Wanaleta mawe mengine na udongo mwingine, wanakandika upya. Hata yule aliyelala ndani anafua nguo zake. Na kama ubaya unarudi baada ya kazi ile yote, nyumba inavunjwa.

Sisi hatuko chini ya sheria ile ya makuhani. Lakini tazama utaratibu wake: kutoa vitu nje, kutazama, kukwangua, kutupa mbali, kukandika upya, kufua nguo. Mimi ni muuguzi kwa miaka mingi, na sijaona bado utaratibu mwingine unaopita huo kwa kutengeneza nyumba ya udongo yenye wadudu.

Mududu anayekaa ndani ya ufa

Kimputu ni mududu wa jamii ya kupe. Watu wa pwani wanamuita papasi. Yeye si kama kupe wa ngombe anayeshikamana na ngozi siku nyingi. Ngozi yake ni laini yenye mikunjo, rangi yake ni ya udongo, na aliyekomaa anaenea kama punje ya maharagi. Muchana anajificha katika vumbi la chini, katika nyufa za ukuta, chini ya mukeka. Usiku anatoka, ananyonya damu muda wa nusu saa hivi, kisha anarudi katika ufa wake mbele wewe hujaamuka. Kwa hiyo watu walioumwa naye miaka mingi wanaweza kusema kwa kweli kwamba hawajamuona hata siku moja.

Tena ana uvumilivu wa ajabu. Anaweza kukaa miaka bila kula. Ukihama nyumba na kuifunga mwaka muzima, siku ya kurudi atakuwa angali anakungoja. Na jike lenye ugonjwa linaweza kuupitisha katika mayai yake, hata watoto wake wanazaliwa nao.

Jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu Kongo. Katika mwaka wa 1905 wanganga wawili waliotumwa kutoka Liverpool, Uingereza, Dutton na Todd, walionyesha kwamba kimputu ndiye anayeleta homa ya kurudi-rudi. Wote wawili waliugua homa ile katika kazi yao, na Dutton akafa kule Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 mwezi wa pili mwaka wa 1905. Kidudu kidogo cha ugonjwa ule kimepewa jina lake hata leo.

Homa yenyewe inakuja kwa nguvu: kichwa kinauma, mugongo na viungo vinauma, mutu anatapika. Baada ya siku chache inashuka, na mugonjwa anasema, Nimepona. Juma moja hivi linapita, homa inarudi. Inashuka tena, inarudi tena. Wengi wanafikiri ni malaria. Wananunua dawa ya malaria sokoni, homa inashuka kwa desturi yake yenyewe, na dawa inapata sifa isiyo yake. Hapa hospitali tunatazama damu kwa mikroskopi saa ile homa inapopanda, maana ndipo kidudu kinapoonekana, kama uzi uliosokotwa. Dawa ya kukiua iko. Lakini usiitafute peke yako na kuinywa nyumbani, kwa sababu saa chache baada ya kuanza, mugonjwa anaweza kushikwa na mutetemeko mukali na kulegea sana. Inafaa muuguzi awe karibu.

Kwa mama mwenye mimba homa hii ni mbaya kupita. Inaweza kuua mutoto tumboni, ao kumufanya azaliwe mbele ya wakati wake, bila nguvu ya kunyonya.

Sisemi hivi kama mutu anayetazama kutoka mbali. Miaka 14 iliyopita, mimi na muke wangu tuliishi katika nyumba ya fito na udongo iliyojengwa na mutu mwingine mbele yetu. Kuta zilikuwa na nyufa ambazo kidole changu kiliingia. Kila Jumapili nilifundisha habari za mutu aliyejenga juu ya mwamba, na kila Jumatatu nilisema, Nitaziba nyufa zile kiangazi kikifika. Muke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Homa ilimushika, ikashuka, ikarudi, na mimi muuguzi nilimupa dawa ya malaria mara mbili bila kutazama damu. Mara ya tatu ndipo nilimuleta. Yeye alipona. Mutoto alizaliwa usiku ule, akaishi hata mapambazuko. Baada ya kuzika, ndugu wa kanisa walikuja kuvunja udongo wa ukuta wa chumba chetu, na karibu na kitanda tuliokota vimputu 23 katika kipande kimoja kisichopita urefu wa mukono. Niliwahesabu mwenyewe.

Namna ya kujua udongo

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kuziba nako kunataka ujuzi. Nimeona wengi wanachukua potopoto yoyote karibu na mulango, wanaipaka, na baada ya siku nne pana ufa mupya kando ya ule wa zamani. Wanalaumu udongo, na shauri lote lilikuwa la kipimo.

Ndani ya udongo muna vitu mbalimbali. Muna mufinyanzi, ule udongo wa kunata ambao mama zetu wanatengenezea vyungu. Huo ndio unaoshika kama gundi, lakini ukikauka unajikunja, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Muna muchanga, ambao haujikunji, lakini hauna nguvu ya kushikana peke yake. Katikati yao muna udongo laini kama unga, usio na faida kubwa kwa ukuta. Ukuta muzuri una muchanga mwingi unaoshikwa na mufinyanzi wa kutosha tu.

Chukua chupa nyeupe, tia udongo hata theluthi moja, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uweke chini. Muchanga utashuka kwanza, mbele hujamaliza kusalimu jirani. Udongo laini utashuka polepole. Mufinyanzi utakawia, pengine hata kesho. Utaona tabaka moja juu ya lingine na utajua una nini. Kama huna chupa, nyevusha udongo, uviringishe mikononi kuwa kama mukia, unene wa kidole gumba, uusukume polepole nje ya ukingo wa meza. Ukikatika mara moja, muchanga umezidi. Ukining'inia murefu kupita kiganja na vidole vyako bila kukatika, mufinyanzi umezidi, ongeza muchanga.

Udongo wa kichuguu ni muzuri sana, na mahali pengi ndio unaotumiwa kwa matofali, kwa sababu muchwa wamekwisha kuusaga na kuuunganisha. Lakini mara nyingi ni mukali, yaani mufinyanzi wake ni mwingi, basi usiutumie bila muchanga. Nawahurumia ndugu zetu wa Goma wanaokaa juu ya mawe ya volkano. Kwao udongo kama huu ni wa kutafuta mbali, na wengi wanajenga kwa mbao.

Njia ya hakika ni hii. Tengeneza vitofali vidogo vitatu. Cha kwanza, udongo kipimo kimoja na muchanga kipimo kimoja. Cha pili, muchanga vipimo viwili. Cha tatu, vitatu. Weka alama kwa kijiti, moja, mbili, tatu. Vikaushe kivulini, si juani. Vikikauka, kwangua kila kimoja kwa ukucha. Kile kisichopasuka wala kumwagika unga, ndicho kipimo chako. Hiyo ni kazi ya siku chache tu, na inaokoa kazi ya mwezi.

Kuziba na kukandika

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Toa vitu vyote nje, kama kuhani alivyoamuru. Si nusu, vyote. Kimputu anasafiri katika mukeka, katika mufuko wa nguo, katika kitanda cha mianzi. Mwaga maji ya moto juu ya mikeka na katika viungo vya kitanda, kisha uviache juani. Ukileta mukeka wa zamani ndani bila kufanya hivyo, umewarudisha wageni kwa mulango wa mbele.

Kwangua udongo wote uliolegea. Unaposikia ukuta unalia kama ngoma ukiugonga, udongo pale umeachana na fito, uangushe. Ufa mwembamba usiupake juu tu. Uupanue kwa kisu, ndani uwe mupana kuliko nje, kusudi udongo mupya upate mahali pa kushika. Piga mufagio utoe vumbi. Kisha nyunyiza maji ndani ya ufa. Hapa ndipo wengi wanapokosa: udongo mukavu wa ukuta unanyonya maji ya udongo mupya mara moja, na kesho kipande chote kinaanguka kama gamba.

Udongo mupya ukanyagwe vizuri na nyasi zilizokatwa fupi, urefu wa kidole. Nyasi zinashika udongo usipasuke, ndiyo sababu taabu ya Waisraeli ilizidi pale Farao alipowanyima majani ya matofali. Uache udongo ule umefunikwa siku mbili ao tatu, unyevusha na kukanyaga tena. Utanuka kidogo, usiogope. Utaona umekuwa laini na wa kunata zaidi. Sukuma ndani ya ufa kwa nguvu za kiganja, tabaka la kwanza, uache likauke. Likipasuka kidogo, vema, maana limepasuka mbele ya tabaka la pili. Tabaka la pili liwe jembamba, muchanga wake umechungwa, ulilainishe kwa jiwe la mutoni ao kwa chupa.

Mutu mumoja aliniuliza, Kwa nini nisipake sima tu? Ana franga kidogo, anataka nyumba ionekane ya kisasa. Nilimujibu kwamba sima na udongo havitembei pamoja. Ukuta wa udongo unavuta unyevu na kuutoa kila siku. Sima inaufungia ndani. Udongo nyuma yake unalowa na kulegea, sima inasimama kama gamba tupu, na kati yao panakuwa nafasi nzuri kwa wadudu, usiyoweza kuiona wala kuifikia. Kwa ukuta wa udongo, paka udongo. Kama unataka weupe, paka chokaa ao udongo mweupe. Franga zako za sima zitumie kwa sakafu, kama zinatosha.

Zaidi ya hayo, adui mukubwa wa ukuta ni maji yanayoruka kutoka chini mvua inaponyesha. Musingi wa mawe ao matofali ya kuchoma uinuke angalau sentimeta 30 juu ya udongo, na majani ya paa yatokeze mbele ya ukuta karibu hatua moja. Kama paa ni fupi, utakandika kila mwaka.

Chini na kitanda

Sakafu ya vumbi ni kitanda cha kimputu, cha funza wa vidole, na cha yule buu mweupe anayenyonya damu ya wale wanaolala chini. Buu yule haleti ugonjwa unaojulikana, lakini mutoto hapati usingizi. Hawezi kupanda kitanda chenye miguu, na hiyo peke yake ni sababu ya kutengeneza kitanda.

Ondoa vumbi lote hata ufike udongo mugumu. Tia udongo wenye muchanga mwingi, nyevusha kidogo, pigapiga kwa kipande cha muti kizito. Rudia tabaka kwa tabaka. Juu lainisha kwa udongo mwembamba. Mama wanaotumia mavi ya ngombe wanajua kazi yao, sakafu yao haitoi vumbi, lakini tutasema neno juu ya mavi hayo chini. Kabla ya kufagia kila siku, nyunyiza maji. Weka kitanda mbali na ukuta, nafasi ya mikono miwili, na chandarua kilichotiwa dawa kikunjwe chini ya mukeka kila upande.

Mafiga na moshi

Sasa tuingie jikoni. Mafiga matatu wazi yametulisha sisi na baba zetu, sitayadharau. Lakini hapa hospitali, katika chumba cha watoto walioungua, ninauliza kila mama namna ilivyokuwa, na jibu ni karibu moja: mutoto alikuwa anaanza kutembea, moto ulikuwa chini katikati ya nyumba. Wengine ni wenye kifafa walioangukia moto, na jirani waliogopa kuwagusa. Ndugu, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa. Mutoe motoni mara moja.

Na moshi unaingia katika mapafu ya mutoto anayebebwa mugongoni. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika mwaka wa 1 tu, mwaka wa 2020, watu karibu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majikoni, na kati yao watoto wasiotimiza miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Katika watoto hao ugonjwa mukubwa ni ule wa mapafu.

Unaweza kujenga jiko la udongo bila kununua kitu. Lijengee kibaraza cha mawe na udongo kinachofika kiuno cha mama. Urefu huo unamuzuia mutoto na kuupumzisha mugongo. Usilisogeze karibu na ukuta wa fito usiokandikwa. Panga mafiga matatu juu yake kwa kipimo cha chungu unachotumia zaidi. Weka chungu juu, kizungushe maganda ya mugomba hata unene wa kidole kimoja. Kisha jenga ukuta wa udongo kukizunguka, ukishikamana na yale maganda, hata karibu na masikio ya chungu. Mbele acha mudomo wa kuni, upana kama kiganja na nusu. Kesho yake zungusha chungu polepole, ukitoe, utoe na maganda. Nafasi iliyobaki ndiyo njia ya moto kupanda kando ya chungu. Ikiwa nyembamba sana moshi utarudi mbele, ikiwa pana joto litakimbia bure.

Udongo wa jiko utiwe muchanga zaidi kuliko ule wa ukuta, maana moto unapasua mufinyanzi. Ukuta wa jiko uwe unene wa kiganja tu. Nasema hivyo kwa sababu pana hekima iliyopatikana mbali. Katika inchi ya Guatemala, baada ya tetemeko la mwaka wa 1976, watu walifundishwa kujenga jiko kubwa la udongo na muchanga, likaitwa lorena, jina lililounganishwa na maneno mawili ya Kispania, udongo na muchanga. Lilisifiwa sana na kuenea katika inchi nyingi. Kisha watu walipima kuni, wakaona kwamba mara nyingi halikula kuni chache kuliko mafiga yanayoangaliwa vizuri, kwa sababu udongo mwingi ulikula joto kwanza. Uzuri wake ulikuwa bomba la kutoa moshi. Basi usijivune kwa ukubwa wa jiko lako.

Bomba la moshi ni jambo jema kama una matofali na fundi. Lakini kwa paa la majani cheche moja inatosha kuteketeza nyumba, basi lipitishe nje kwa ukuta na liinuke mbali na majani. Kama huwezi, acha nafasi wazi juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana, kusudi upepo upite. Kuni zikatwe nyembamba na zikaushwe, kuni mbichi zitakutoa machozi katika jiko lolote. Na mutoto asikae mugongoni wakati wa kuwasha.

Jiko jipya likae majuma mawili ao matatu kivulini. Nyufa ndogo uzizibe kila siku kwa kidole chenye maji. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, si wa kupika maharagi.

Shimo ulipochimba, na mikono yako

Kuna hatari moja tunayojiletea wenyewe. Udongo wa ukuta unatoka katika shimo, na shimo linabaki nyuma ya nyumba. Mvua inalijaza. Mbu wa malaria wanapenda maji ya namna ile, yasiyo na majani, yenye jua, na katika majuma mawili hivi yai limekuwa mbu. Hivi mutu anaziba kimputu ndani na kufuga mbu nje. Mwaka mumoja mutoto wa miaka miwili alizama katika shimo la matofali mbele ya nyumba ya jirani yangu, maji yalikuwa ya magoti. Chimba mbali. Ukimaliza, jaza takataka za shamba na udongo wa juu, panda migomba.

Udongo ni muzuri kwa ukuta, si kwa mwili wenye kidonda. Kidudu cha tetanosi kinakaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mwenye kidonda cha muguu asikanyage potopoto, wengine watamukanyagia. Mama anayesiriba kwa mavi ya ngombe anawe mikono kwa sabuni mbele ya kushika mutoto. Na kitovu cha mutoto muchanga kisipakwe udongo, wala majivu, wala mavi, hata kama nyanya anasisitiza kwa upendo. Mwambie kwa heshima, Mama, hospitali wamesema kiachwe kikavu. Mama mwenye mimba aje kuchomwa sindano ya tetanosi, inamulinda yeye na mutoto.

Aliyeungua naye asipakwe udongo, wala yai, wala mafuta ya mawese. Mwagia mahali pale maji baridi safi dakika 20, funika kwa kitambaa safi, njoo hospitali.

Kama wewe unatibiwa homa ya kimputu sasa, usiondoke bila kumuambia muuguzi jina la muji wako na habari za kuta zako, na kama watu wengine wa nyumba wana homa. Nyumba ya mujane, ya muzee, ao ya mama aliye karibu kuzaa, mujulishe muzee wa kanisa. Katika kanisa letu tunafanya kazi hii Jumamosi nne za kiangazi, nyumba mbili kwa siku, wanaume wanachimba na kukanyaga, wanawake wanalainisha, vijana wanachota maji. Tunaanza na vyumba vya wenye mimba. Njoo na jembe na ndoo. Nyasi tutakuwa tumekwisha kuzikata.